Adenokasinoma hujionyesha kwa njia mbili tu: kuvuja au kuziba. Anayebisha alete kiungo

#1 Mzee wa Hadubini
Wakuu, salaam.

Adenokasinoma ni saratani zinazoanzia kwenye seli za tezi, yaani zile zinazotengeneza ute, maziwa, juisi za kumeng'enya chakula na kadhalika, nazo ndizo nyingi kuliko zote kwenye titi, tezi dume, utumbo mpana, mfuko wa chakula, kongosho na mji wa mimba. Hata kwenye mapafu sasa ndiyo aina inayoongoza duniani. Watu wanakariri orodha ya dalili kiungo kwa kiungo, halafu wanazichanganya.

Mimi nasema hivi: tezi ina kazi mbili, kutengeneza kitu na kukipitisha kwenye mrija. Ikishikwa na saratani, ama itavuja ama itaziba. Mji wa mimba: damu kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi. Hiyo ni kuvuja. Titi: majimaji ya damu kutoka tundu moja la chuchu, upande mmoja, bila kukamua. Kuvuja. Kichwa cha kongosho: uvimbe unabana mrija wa nyongo, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakolea kahawia, choo kinapauka, viganja na nyayo vinawasha hasa usiku. Kuziba. Puru, mwisho wa utumbo mpana, inaweza kufanya yote mawili.

Ukishika hilo, orodha ndefu huihitaji. Anayebisha alete kiungo.

#2 Tabibu wa Bara
Naleta tezi dume, na ndiyo inayosumbua wazee wetu kuliko zote.

Mzee anayeamka usiku mara nne, mkojo unakatika njiani, anasukuma, mara nyingi ana uvimbe wa kawaida usio saratani. Huo huota katikati, ukizunguka mrija wa mkojo, kwa hiyo unabana mapema. Saratani zaidi ya nusu huanzia sehemu ya pembeni na nyuma, upande unaopakana na puru, mbali na mrija. Inaweza kukaa miaka humo, haivuji wala haizibi. Ikifika kuziba mkojo imeshakua.

Na wapo wanaokuja na mgongo. Kiuno kinauma usiku, kulala hakupunguzi, wanapakwa dawa za baridi yabisi kwa miezi. Mguu ukianza kulegea, ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma kutoka, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo: uti wa mgongo unabanwa. Akichelewa, hata akitibiwa miguu inaweza isirudi.

#3 Dada wa Maabara
Nyongeza kwenye #2 kuhusu PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, maana watu wanapima ovyo kisha wanaogopa au wanatulia bila sababu.

Ukiwa na UTI, au umetoka kuwekewa mpira wa mkojo, au mkojo uliziba, namba itapanda bila saratani. Tibu kwanza, subiri wiki 6, ndipo upime. Siku mbili kabla ya kipimo, acha tendo la ndoa na baiskeli ndefu. Anayetumia finasteride, dawa ya kupunguza uvimbe wa tezi dume, kwa miezi 6 au zaidi, PSA yake hushuka karibu nusu, hivyo zidisha mara mbili ndipo uisome. Akiletewa 3 anafurahi, kumbe ni 6.

Na 4, namba inayochukuliwa kama mpaka, siyo ukuta. Wapo wenye saratani chini ya 4, na wengi wenye 6 au 7 hawana. Kidole cha daktari bado kinahitajika, kinachotafutwa ni ugumu na vinundu, ukubwa peke yake hauamui.

#4 Mzee wa Hadubini
Tabibu, mfupa ni habari ya saratani iliyokwisha kusafiri. Mimi nazungumzia kiungo chenyewe. Lakini hiyo ya kuanzia pembeni ni hoja nzito, naiacha mezani.

#5 Mwana wa Bomet
Hamjambo wote. Huku kwetu ugonjwa unaojulikana ni wa umio. Chakula kinakwama: nyama kwanza, halafu ugali, halafu uji, mwishowe hata mate. Huko si kuziba? Naona Mzee amepata kiungo kingine cha kumtetea.

#6 Tabibu wa Bara
Ni kuziba kweli, lakini si saratani ya tezi. Umio wa ukanda huu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi na kusini, karibu wote ni skwamasi, inayotokana na ngozi laini ya ndani. Ile ya tezi hukaa chini karibu na mlango wa mfuko wa chakula, na huwaandama zaidi wenye kiungulia cha miaka mingi na unene. Hiyo imeenea Uingereza na Marekani kuliko hapa.

Mpangilio alioutoa Mwana wa Bomet ushikeni hata hivyo: vigumu kwanza, vimiminika baadaye, ndani ya wiki au miezi. Mtu anayekwama maji na chakula kwa pamoja tangu siku ya kwanza, fikirini zaidi ugonjwa wa misuli ya umio.

#7 Mwana wa Bomet
Shukrani. Na sababu ni nini basi? Hapa wengine wanalaumu chai ya moto.

#8 Kidakatonge
Chai ipo kwenye orodha. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Na chai inayonywewa ikitoka tu jikoni huvuka hapo.

#9 Dada wa Maabara
Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha nao. Na sumu ya ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

#10 Bint Pangani
Pombe za kienyeji na tumbaku mmezisahau?

#11 Tabibu wa Bara
Ongezeni meno mabovu na historia ya ukoo. Kila moja ina ushahidi wake na hakuna iliyofunga mjadala, kwa sababu kijana wa miaka 30 asiyevuta wala kunywa naye anakutwa nao. Turudi kwenye tezi, la sivyo uzi utaishia jikoni.

#12 Nesi wa Zamu
Mfuko wa chakula basi. Hapa ndipo dawa za dukani zinapotuumiza.

Mtu ana maumivu juu ya kitovu, anaambiwa vidonda vya tumbo, anameza omeprazole. Anapata nafuu ya kweli, kwa sababu dawa hiyo inaweza kukausha juu hata kidonda chenye saratani. Miezi sita inapita. Mambo ya kuangalia wakati huo ni haya: kushiba baada ya matonge machache kuliko zamani, kutapika chakula cha jana, kupungua uzito bila kukusudia, choo cheusi, damu kupungua, na tezi ngumu ya limfu juu ya mtulinga wa kushoto, pembeni mwa shingo. Hiyo ya mwisho ikionekana, ugonjwa umeshasambaa.

Uzito nao upimeni kwa mizani. Asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12 inatosha kuuliza. Kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 3 na nusu tu. Hiyo nguo haikuonyeshi.

#13 Bint Pangani
Nesi, mbona anayemeza vidonge vya kuongeza damu naye hupata choo cheusi?

#14 Nesi wa Zamu
Swali zuri dada. Choo cha vidonge vya chuma ni cheusi kinachoelekea kijani, kimeshikana, harufu yake ya kawaida. Choo cha damu iliyotoka juu ni cheusi kama lami, kinanata, kinateleza, na harufu yake hujaza chumba. Ukimwaga maji mara moja hakiondoki vizuri kwenye sinki. Usipokuwa na uhakika, pima wingi wa damu leo na baada ya siku chache.

#15 Kidakatonge
Na kwa wanaokwenda kupima bakteria wa tumbo, Helicobacter, kwa choo au pumzi: achieni omeprazole wiki 2 na antibayotiki wiki 4 kabla. Vinginevyo jibu linakuja hasi na bakteria yumo. Na huyo ndiye chanzo kikubwa cha saratani ya mfuko wa chakula.

#16 Mzee wa Hadubini
Upande wa vinyama, yaani vipande vinavyokatwa kwenda kupimwa: kidonda cha mfuko wa chakula kinatakiwa vipande 6 au zaidi, kutoka kwenye kingo. Ukichukua katikati tu unaniletea usaha na seli zilizokufa, nami nitaandika hakuna saratani iliyoonekana. Kuna aina nyingine inayotambaa chini ya ukuta, mfuko unakuwa mgumu haujitanui ukipulizwa hewa, juu panaonekana safi. Kipande cha juujuu hakiipati.

Na hiyo aina, Tabibu kabla hujasema, haivuji. Inaziba taratibu kwa kukaza.

#17 Tabibu wa Bara
Mzee, kila kitu unakiingiza kwenye mizani yako! Haya, niambie utumbo mpana upande wa kulia. Huko njia ni pana, choo bado ni maji, hakuna kinachoziba. Damu inatoka kidogo kidogo, haionekani kwa macho. Mgonjwa anakuja na kuchoka, moyo kwenda mbio akipanda ngazi, na hemoglobini 7. Hajaona damu hata siku moja.

#18 Mzee wa Hadubini
Inavuja. Kutoonekana kwa macho hakubadilishi kitu.

#19 Dada wa Maabara
Hapo ndipo pagumu kwa mazingira yetu, kwa sababu upungufu wa damu wa madini ya chuma una wenyewe wengi: safura, hedhi nzito, lishe, na kanda ya Ziwa kuna kichocho cha tumbo.

Njia ya kutenganisha: seli nyekundu ndogo na ferritin (kipimo cha akiba ya chuma) ya chini zinathibitisha ni chuma. Kwa binti mwenye hedhi nzito, dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, kisha pima tena baada ya wiki 4. Hemoglobini inatakiwa ipande kama gramu 2. Isipopanda na dawa anameza kweli, au ikipanda ikashuka tena, tafuta panapovuja. Lakini kwa mwanaume, au mwanamke aliyekoma hedhi, usisubiri hizo wiki 4 ndipo uanze kufikiri. Huyo anahitaji kamera ya ndani ya tumbo, juu na chini, hata kama minyoo imeonekana. Minyoo na saratani vinaweza kukaa kwenye utumbo mmoja.

#20 Bint Pangani
Na upande wa kushoto?

#21 Nesi wa Zamu
Kushoto njia ni nyembamba na choo kimekauka. Kwa hiyo choo kinabadilika: wiki hii kigumu, wiki ijayo kuhara, kinakuwa chembamba, tumbo linajaa gesi na kusokota. Ikidumu zaidi ya wiki 3 hadi 6, nenda.

Puru ndiyo inayoitwa bawasiri kila siku. Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu ya kung'aa, inadondoka mwishoni au inabaki kwenye karatasi, haijachanganyika na choo. Ya saratani mara nyingi imechanganyika, ina ute, na mtu akitoka chooni anahisi bado kuna kitu, anarudi, anatoa ute tu. Lakini tofauti hiyo isikupe usingizi, kwani mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Dawa za mitishamba za bawasiri zinauzwa kila kona, na hakuna muuzaji anayepima kwa kidole. Kidole kinafika sentimita 7 au 8, puru nzima ni kama 15, kwa hiyo uvimbe mwingi wa puru unaguswa kwa glavu na jeli tu.

#22 Kidakatonge
Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo: kile cha zamani cha kadi kinadanganywa na nyama nyekundu na hata vitamini C. Cha kinga-mwili, FIT, hakijali chakula. Vyote viwili si vya mtu anayeona damu kwa macho. Huyo aende moja kwa moja kwenye kamera.

#23 Fundi wa Picha
Mmeacha mapafu, na hapo hoja ya #1 inaanguka.

Saratani ya tezi ya pafu hukaa pembeni, karibu na utando wa nje. Ile skwamasi ya wavutaji ndiyo hukaa katikati, ikaziba bomba la hewa na kutema damu mapema. Hii ya pembeni mara nyingi haikohozi mapema, haizibi. Huwapata hata wasiovuta, na miongoni mwao wanawake ni wengi. Mara nyingi mgonjwa anakuja pumzi fupi maji yakiwa yameshajaa kifuani.

Na kwetu maji kifuani na kikohozi cha wiki 3 ni TB mpaka ithibitike vinginevyo. Ni haki, TB ni nyingi. Kosa ni kuanza dawa za TB wakati GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB, ni hasi, picha ina kivuli kimoja chenye kingo za miiba, kisha kumaliza miezi 6 bila picha ya pili. Piga tena baada ya miezi 2. Kivuli kilichokua juu ya dawa kinahitaji sindano au kamera.

#24 Mzee wa Hadubini
Maji kifuani ni kuvuja, Fundi. Majimaji mkayalete mengi, mililita 50 na kuendelea, si zile 5 za bomba la sindano. Na jibu hasi la mara ya kwanza halimtoi mtu hatiani. Rudieni, na ikibidi kipande cha utando.

#25 Fundi wa Picha
Mzee, ukiita kila majimaji kuvuja, basi hata moyo uliochoka ni saratani ya tezi.

#26 Bint Pangani
Fundi amemkamata hapo.

Niulize la titi. Bonge lisilouma ndilo tunaloambiwa tangu shule.

#27 Nesi wa Zamu
Ni kweli lakini halitoshi. Bonge gumu lenye kingo zisizo sawa, ngozi kuvutwa ndani ukiinua mikono, chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, vinyweleo vya ngozi kupanuka kama ganda la chungwa, uvimbe kwapani. Jichunguze siku ya 5 hadi ya 10 tangu hedhi ianze, titi likiwa limelegea.

Aina ya vifuko vya maziwa mara nyingi haitoi bonge. Unagusa sehemu iliyokazana tu, na mamografia inaweza kuipita. Na ile ya uvimbe wa moto: titi jekundu, lina joto, limevimba ndani ya wiki chache. Mama anayenyonyesha anapewa antibayotiki, sawa. Wiki 1 hadi 2 zikipita bila nafuu, kinyama kichukuliwe. Isibadilishwe antibayotiki mara ya tatu. Wanaume nao wana matiti, na kwao bonge chini ya chuchu huja kuonekana likiwa limeshika ngozi.

#28 Kidakatonge
Hapo kuna kuvuja wapi Mzee?

#29 Mzee wa Hadubini
Titi nimelitaja kwa chuchu tu. Basi tuiweke hivi: kuvuja, kuziba, na kukaza.

#30 Tabibu wa Bara
Tumefika tatu. Bado mifupa.

#31 Dada wa Maabara
Mlango wa kizazi pia. Wengi wetu tunapimwa kwa kupakwa siki na kutazamwa, na kipimo hicho ni kizuri kwa sehemu inayoonekana. Saratani ya tezi huanzia ndani ya njia, juu, siki haifiki na jicho haliioni. Ni ndogo kwa idadi ukilinganisha na skwamasi, lakini mwanamke anayetokwa majimaji mengi ya utelezi, au damu baada ya tendo la ndoa, asirudishwe nyumbani kwa sababu siki ilikuwa safi mwaka jana. Kipimo cha virusi vya HPV kinasaidia zaidi hapo, kwa sababu 16, 18 na 45 ndivyo vinavyohusika sana.

Mji wa mimba hausomwi na siki wala pap smea. Damu yoyote baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone la rangi ya waridi, inataka ultrasaundi na mara nyingi kinyama. Ukuta ukizidi milimita 4, kinyama ni lazima. Penye fibroidi vipimo vya ukuta hudanganya, chukueni kinyama hata kama ni 3 na damu inaendelea.

#32 Bint Pangani
Asanteni sana. Sasa kwa nini watu wanafika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wamechelewa ikiwa dalili zipo wazi hivi?

#33 Nesi wa Zamu
Kwa sababu kila dalili ina jina jingine mtaani. Bawasiri, vidonda, TB, UTI, mzio, baridi yabisi. Mtu hakai bila kutibiwa, anatibiwa kisichokuwepo.

#34 Fundi wa Picha
Sikubali kwamba ndiyo sababu kuu. Pafu la pembeni, kongosho la katikati na mkiani, tezi dume: hivi havina dalili ya mapema ya kusomwa. Mtu akija siku ya kwanza ya dalili, bado amechelewa.

#35 Mzee wa Hadubini
Nyote mnasahau njia kati ya kisu na hadubini. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye dawa ya kuhifadhi, fomalini ya asilimia 10 iliyotiwa bafa ndani ya saa moja, fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama. Cha titi kikae saa 6 hadi 72, si pungufu wala zaidi, la sivyo vipokezi vya homoni vitasomeka hasi na mgonjwa anyimwe vidonge vinavyomfaa. Vinakuja kwenye maji ya chumvi, vimeoza. Vinakuja kwenye spiriti, vimekauka. Vinakuja kwenye chupa ya mdomo mwembamba, kinyama kimekuwa kigumu hakitoki bila kukatwa. Jina limeandikwa kwenye kifuniko, vifuniko vimebadilishana mezani. Hapo wiki 3 zimekwenda na mgonjwa anaitwa kuchukuliwa upya, na wengine hawarudi.

#36 Kidakatonge
Na wakileta kinyama cha ini chenye seli za tezi, chanzo hakijulikani?

#37 Mzee wa Hadubini
Tunapaka rangi za kinga-mwili. TTF-1 ikishika, elekea pafu. CDX2, utumbo. GATA3, titi au kibofu. PSA, tezi dume. Hakuna inayokupa uhakika peke yake, kwa hiyo andikeni historia kwenye fomu! "Uvimbe wa ini" hainisaidii. Umri, jinsia, choo kikoje, titi limeguswa au la.

#38 Tabibu wa Bara
Kwa Fundi kuhusu kongosho: mkiani hakuzibi nyongo, kweli, lakini kuna alama. Maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni, yanazidi ukilala chali, yanapungua ukiinama mbele. Choo chenye mafuta kinachoelea. Damu kuganda kwenye mishipa ya mguu bila sababu. Na kisukari kipya baada ya miaka 50 kwa mtu anayekonda badala ya kunenepa.

#39 Fundi wa Picha
Kisukari kipya tutawapiga CT wote? Kati ya watu 100 wenye kisukari kipya baada ya 50, saratani ndani ya miaka 3 atakuwa nayo kama mmoja.

#40 Tabibu wa Bara
Si wote. Anayekonda kabla hajaanza dawa wala mlo. Na ultrasaundi yenu ya asubuhi, mgonjwa amekunywa chai na chapati, gesi imefunika kongosho, ripoti inasema "kongosho halikuonekana vizuri" na mtu anasoma kama "salama". Afunge saa 6 hadi 8.

#41 Dada wa Maabara
Macho ya njano nayo msikimbilie kuita homa ya ini hata kama HBsAg (kipimo cha homa ya ini B) ni chanya. Mrija ulioziba hupandisha vimeng'enya vya ALP na GGT zaidi, na bilirubini (rangi ya njano) ya moja kwa moja; ini lililoshambuliwa ghafla na virusi hupandisha kimeng'enya cha ALT hadi mamia na maelfu. Mfuko wa nyongo ukiguswa umevimba na hauumi, mawe yanapungua uwezekano.

#42 Bint Pangani
Vipi CA 19-9, kile kipimo cha damu cha saratani ya kongosho? Kuna mahali wanaitangaza kwenye kifurushi cha kupima mwili mzima.

#43 Dada wa Maabara
Kwa mtu asiye na dalili, usiilipie. Hupanda kwa mrija wa nyongo ulioziba kwa sababu yoyote, hata jiwe. Na wenye kundi la damu la Lewis hasi hawaitengenezi kabisa, kwa hiyo itakuwa chini hata kongosho likiwa limeharibika. Kazi yake ni kufuatilia aliyekwisha kuthibitishwa, na ipimwe baada ya njano kushuka.

#44 Fundi wa Picha
Sawa, lakini hapo unazidi kunithibitisha: hakuna cha kusoma mapema.

#45 Nesi wa Zamu
Kwa kongosho labda. Kwa puru, titi na mji wa mimba, ndiyo hayo niliyosema #33. Mzee, njano ukiwa umeshaihesabu kuziba, kisukari utakiweka kundi gani?